Taa ya Kijani na Pini ya Mwanzi

Binti wa jirani yangu hapa Mlandege, Iringa, ni fundi wa umeme, na juzi alikuja kunisalimia akiwa bado na kofia ya kazi kichwani. Akanionyesha kwenye simu yake picha ya kituo wanachokisimamia: mistari mingi, vidoti vyekundu, vidoti vya kijani. Akasema, "Babu, hapa tunaona kila kitu. Kidoti kikiwa cha kijani, breka imefunguka, umeme umekatika, mtu anakwenda kufanya kazi yake." Nikamwuliza kama yeye mwenyewe ameiona hiyo breka ikiwa imefunguka. Akanijibu ndiyo, ameiona, kwenye skrini. Chai ilinipoa mkononi. Basi haya nimemwandikia yeye na nyinyi wenzake wote mnaokaa mbele ya vidoti. Nikifoka mahali mnivumilie. Nafoka kwa sababu nawapenda, na pia kwa sababu ndivyo nilivyo tangu utotoni.

Miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa Kihehe mwenye suruali moja nzuri na viatu vya kuazima, nilitolewa Iringa nikapelekwa Mbeya kufanya kazi kwenye nyumba ya swichi. Ilikuwa nyumba ya matofali juu kidogo ya mji, yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa na ubao wa taa na vitufe, cha pili kilikuwa na breka.

Kwa msomaji ambaye si fundi, breka ni swichi kubwa ya kukata na kuunganisha umeme mkali. Yetu ilikuwa ya volti elfu kumi na moja, imezama kwenye tangi la mafuta, nzito mno. Katika lugha ya kazi, breka ikifunga umeme unapita, ikifunguka umeme unakatika; ni kinyume cha bomba la maji, zoeeni hivyo hivyo. Shida ni kwamba huwezi kuchungulia ndani ya tangi uone imefunga au imefunguka. Kwa hiyo waliobuni breka waliitundikia ubavuni swichi nyingine, ndogo, isiyobeba umeme wa mji hata kidogo. Breka ikisogea na yenyewe isogee, kisha ipeleke habari ubaoni. Vitabu vinaiita swichi saidizi. Sisi tuliiita swichi ndogo. Ina mhimili, na kwenye mhimili kuna vidole vya shaba. Vingine hugusana breka ikifunga, na hivyo vinawasha taa nyekundu: jihadhari, laini ina umeme. Vingine hugusana breka ikifunguka, na hivyo vinawasha taa ya kijani: laini imekatwa. Kati ya mhimili huo na mtambo wa breka kuna kifimbo cha chuma kinachoviunganisha, na kifimbo kimeshikwa na pini ndogo kama nusu ya kidole chako cha mwisho. Ikumbukeni hiyo pini.

Kama bado hamjaelewa, nitawaeleza kwa choo. Pale kazini choo kilikuwa kimoja, na mlangoni tulining'iniza kibati, upande mmoja mwekundu, upande wa pili kijani. Ukiingia unageuza nyekundu, ukitoka unageuza kijani. Siku moja mwenzetu mmoja alitoka akasahau kugeuza, na watu wazima sita tulisimama juani tangu saa tatu mpaka saa tano tukimlaani aliyemo ndani, na ndani hamna mtu. Siku nyingine Bwana Mkubwa, yule Mwingereza aliyekuwa msimamizi wetu, aliingia bila kugeuza, nami nikaingia kwa kuamini kijani. Sitaeleza zaidi. Swichi ndogo ni kile kibati. Yenyewe haiendi haja, inatangaza tu, na inatangaza vile ilivyogeuzwa.

Aliyetoka bila kugeuza alikuwa Mzee Sefu, mtu wa asili ya Pwani ambaye baba yake alikuja Mbeya na biashara akaishia kuoa huku huku. Yeye ndiye aliyekaa mbele ya ubao wa taa, na kofia yake nyeupe iliyodariziwa kwa mkono, anaandika kwenye daftari kila taa inapobadilika. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa karani wa mahakama. Taa alizitii kama watu wengine wanavyomtii mkuu wa wilaya, na hakuna aliyemwona akibishana nazo.

Fundi aliyenifundisha kazi aliitwa Longino, Mngoni wa Songea. Hapo lazima nisimame kidogo, maana najua vijana wa leo mnafikiri utani ni kutumiana vichekesho kwenye simu. Wahehe na Wangoni walipigana sana zamani, wakachoka, wakawa watani. Mtani ana ruhusa ya kukusema vyovyote, kukuchukulia kofia, kukuaibisha mbele ya wakwe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na unatozwa kuku. Fundi Longino aliponipokea siku ya kwanza alinizunguka mara mbili, akamwambia Mzee Sefu amfungie mbwa wake ndani kwa sababu Mhehe ameingia kazini na saa ya kula imekaribia. Nikamjibu kwamba babu zake walikimbia kutoka kusini mpaka Songea na mpaka leo hawajui walikuwa wanakimbia nini. Akafurahi sana, akanipa spana yake ya pili. Tangu siku hiyo, kwa miaka mitatu, mtu yule hakuniita kwa jina langu, Severini, hata mara moja. Nilikuwa "Mhehe", au "Ulanzi", kwa ajili ya ile pombe yetu ya mianzi. Wala hakuwahi kunisalimia. Nilimwamkia kila asubuhi kwa Kihehe, "Kamwene", ili anijibu kamwene kama mtu mwenye adabu. Alikuwa ananiuliza kama bado ninaishi.

Lakini kazi aliijua. Alikuwa anafumba macho, anapitisha kidole chake kwenye mhimili wa swichi ndogo, anakwambia wapi pamelegea. Alinifundisha kwamba mafuta yanatiwa kwenye mhimili, na vidole vya shaba viachwe vikavu. Mimi kwa bidii zangu nilivipaka grisi vyote ili vipendeze. Asubuhi ya Juni, baridi ya Mbeya ikaigandisha ile grisi, na taa zote mbili zikazimika pamoja, nyekundu na kijani. Mzee Sefu aliandika kwenye daftari: "Breka haipo." Safari iliyofuata nilivisugua kwa majivu na ndimu, kama mama yangu alivyosugua sufuria. Viling'aa kweli. Viling'aa kwa sababu ile ngozi ya fedha niliyokuta juu yake nilikuwa nimeimaliza yote. Fundi Longino alivitazama, akaniambia nikioa nisiruhusiwe kuosha vyombo. Kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, wanangu. Basi.

Na kuna siku ya moshi. Swichi ndogo haiwashi taa tu. Breka inafunguliwa na koili ndogo, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inayovuta kufuli, na koili hiyo imeumbwa kubeba umeme kwa kupepesa macho tu. Breka ikishafunguka, swichi ndogo ndiyo inayoikatia koili umeme. Mimi nilirekebisha kifimbo vibaya, kikawa kirefu kwa unene wa sarafu, vidole havikuachana. Breka ikafunguka vizuri kabisa, koili ikaendelea kuvuta, kuvuta, mpaka ikaungua. Mzee Sefu hakuita mtu. Aliona moshi unatoka, akachukua kalamu, akaandika: "Saa nne na robo. Swichi inavuta sigara." Daftari hilo lilisomwa na wakubwa mpaka Dar es Salaam.

Sasa tufike kwenye pini, maana nimekuwa nazunguka kwa aibu.

Siku moja nilikuwa nimefungua kifimbo ili nikisafishe. Wakati wa kurudisha, pini ikaniponyoka, ikatumbukia kwenye mfereji wa nyaya, na mfereji ule ulikuwa unameza vitu bila kurudisha. Pini nyingine ilipaswa kuombwa kwa barua. Barua ingeeleza imepoteaje na nani ameipoteza, na Bwana Mkubwa alikuwa bado hajasahau habari ya choo. Nikatoka nje. Kwenye uzio kulikuwa na mianzi. Nyinyi wa Iringa mnajua mwanzi kwetu ni nini: kikapu, ghala, uzio, kikombe, pombe. Nimezaliwa kwenye mianzi, sijaona kazi inayoushinda. Nikachonga pini ya mwanzi, safi kabisa, nikaigonga mahali pake, ikakaa. Nikasema moyoni hiyo ni ya leo tu. Kesho yake nilikuwa na mafua, kesho kutwa nikasahau, na mwanzi ukabaki pale miezi minne. Ulikuwa mbichi nilipouchonga. Chumba cha breka kilikuwa kikavu na chenye joto, kwa hiyo ulikuwa unanywea polepole kila siku, nami natembea mjini na suruali yangu nzuri.

Katika miezi hiyo hiyo nilifanya upumbavu wa pili. Breka ile ilikuwa na kidirisha mbele, na ndani yake kibati kilichofungwa moja kwa moja kwenye mtambo, kinachoonyesha imefunga au imefunguka bila kumtegemea mtu. Wakaja wageni wakubwa kukagua, tukaambiwa tupake rangi kila kitu. Nikapaka rangi ya kijivu kila kitu, pamoja na kidirisha. Bwana Mkubwa alinisifu.

Na Fundi Longino naye, kwa upande wake, alikuwa ananiandalia kifo bila kujua. Aligundua kwamba nikishika shaba iliyokatwa umeme, akinikaribia nyuma akapiga kelele "Uko hai huo!", yaani umeme bado unapita, naruka. Mara ya kwanza niliruka nikatumbukiza mguu kwenye ndoo ya mafuta machafu. Mara ya pili nilimrukia Mzee Sefu, na uji wake ukamwagika. Mara ya tatu sikuruka. Niligeuka, nikamwambia kwa utulivu kwamba hata mimi niko hai na sioni akishtuka. Alinung'unika, maana nilikuwa nimemwondolea starehe. Nami nikajiapia kwamba tangu siku hiyo Mngoni huyu akilia, akigaragara, akiita watakatifu wote wa misheni yao, sitageuka.

Ndiyo siku yenyewe ikafika, ya jua kali, mchana kweupe. Asubuhi tulikata laini ya mji ili watu wapunguze matawi ya mikaratusi yaliyokuwa yanagusa nyaya. Breka ikafunguka kwa kishindo chake cha kawaida, taa ya kijani ikawaka. Kishindo hicho ndicho kilichomaliza pini yangu ya mwanzi: ikadondoka chini, kifimbo kikaning'inia, na swichi ndogo ikabaki imekaa kwenye kijani, haina tena habari na breka. Hakuna aliyejua. Saa sita wakataji wakaleta habari kwamba wamemaliza, Mzee Sefu akabonyeza kitufe cha kufunga. Taa ikabaki kijani. Akabonyeza tena, mara tatu. Kijani. Akaniita, akaniambia breka imegoma kufunga.

Nikamwuliza kama amesikia kishindo. Akasema mara ya kwanza alikisikia vizuri sana, dirisha likatikisika, lakini taa imekataa. Nikamwuliza anaamini nini, sikio lake au taa. Mzee Sefu alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, masikio ni yangu," akasema. "Taa ni ya kampuni."

Nikaridhika. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba nilicheka na nikaridhika. Mshale wa ampea, unaoonyesha umeme unaopita, tusingeweza kuuuliza, ulikuwa umekufa, umelala sifuri tangu mvua za mwaka uliotangulia. Kidirisha nilikipaka rangi mimi. Fimbo ya kupimia umeme ilifungiwa kwenye kabati, na ufunguo alikuwa nao Bwana Mkubwa, ambaye siku hiyo alikwenda mtoni kuvua samaki. Sheria ilisema breka ivutwe nje ya sanduku lake kabla ya kuguswa, na kuivuta kulihitaji watu wanne. Tulikuwa wawili, na mmoja wetu ana kofia ya mkono. Nikapita njia ya mkato. Nyuma ya breka kuna kifuniko cha bati chenye boliti nne. Ukikitoa unaufikia mtambo vizuri, ila unapitisha mkono katikati ya ncha za shaba za laini, ziko uchi kabisa. Laini ikiwa imekatwa ni salama. Taa imesema imekatwa. Nikapiga magoti, nikaanza kufungua.

Wakati huo Fundi Longino alikuwa sokoni kusaga mahindi yake. Umeme ulipokatwa asubuhi, mashine ya kusaga ilisimama na watu wakakaa chini kusubiri. Saa sita mashine ikanguruma tena, akasaga, akafunga mfuko wake wa unga kwenye baiskeli, akapanda taratibu kurudi kazini. Akautwaa mfuko mgongoni, na alipofika mlangoni Mzee Sefu akampa habari: breka imegoma kufunga, laini haina umeme tangu asubuhi, Severini yuko ndani anaifungua nyuma. Longino alikuwa na unga wa moto mgongoni uliosagwa na umeme wa laini hiyo hiyo.

Nilimsikia akikimbia. Nilikuwa nimetoa boliti tatu, imebaki moja. Akapiga kelele kutoka mlangoni, "Mhehe, acha! Uko hai huo!"

Nikatabasamu. Sikugeuka hata kidogo. Nikamwambia kwamba safari hii abuni jingine, nikaweka spana kwenye boliti ya nne. Akasema kwamba mashine ya kusaga inafanya kazi, ametoka huko. Nikamwambia aipe mashine salamu zangu. Akasema anaapa kwa Mungu. Nikamwambia Mngoni akiapa hata Mungu hugeuka ukutani. Kila alichosema nilikuwa na jibu, na majibu yalikuwa mazuri, nilikuwa najipongeza moyoni. Boliti ilikuwa ngumu kidogo. Ikalegea. Hakuweza kunivuta, maana nilikuwa nimejibana kati ya ukuta na sanduku, na ukimvuta mtu aliyekaa vile hujui mkono wake utaangukia wapi. Fundi aliyejua umeme vile alisimama hatua tatu nyuma yangu na hakuwa na kitu isipokuwa mdomo, na mdomo wake nilikwisha kuufutia thamani.

Kisha nikasikia sauti ya chini, taratibu, ya mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Kamwene, Severini."

Wanangu, nyama zilinisisimka. Miaka mitatu. Hata nilipougua malaria nikalazwa, alikuja hospitali akaniuliza shuka langu atarithi nani. Kwetu mtani akianza ghafla kukuheshimu, akakuita kwa jina, akakuamkia kwa lugha ya nyumbani kwenu, ujue ametumwa kukuambia kwamba mtu wako amekufa. Ndivyo inavyofanyika. Nikajua kuna msiba. Mkono ukaacha spana wenyewe. Nikageuka kumwuliza ni nani, ni mama au ni baba, nikaona anatokwa na machozi.

"Ni wewe," akasema. "Toka hapo polepole, usiguse kitu."

Nikatoka polepole. Nilipokuwa mbali vya kutosha, alipita upande wa mbele wa breka, akapiga kwa kiganja kile kitufe cha chuma cha kufungulia kwa mkono, kisichopitia koili wala taa. Breka ikalia *GU*, ukuta ukatikisika. Halafu kule chini sokoni, mlio ambao sikuwa nimeusikia kabisa kwa sababu ulikuwepo muda wote, ukaanza kushuka, ukashuka, ukanyamaza. Ilikuwa mashine ya kusaga. Tukasikia wanawake wakianza kulalamika kwa Kisafwa, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili.

Taa ubaoni ilikuwa bado kijani, haikuwa imetikisika hata kidogo.

Nikakaa chini. Nilikaa juu ya mfuko wa unga, ambao Longino aliutupa aliposimama, ukapasuka, wingu likanifunika mpaka kope. Mzee Sefu aliposikia kishindo alikuja mbio, akachungulia, akamwona mtu mweupe wote amekaa sakafuni hasemi. Akashika kichwa, akaanza kunisomea dua ya maiti. Alisoma kwa sauti nzuri sana na kwa uchungu wa kweli. Nilipopiga chafya alikimbia mpaka nje kwenye uzio.

Longino hakucheka. Alikuwa ameinama anatafuta chini ya swichi ndogo, akainuka na kijiti cha mwanzi kati ya vidole viwili. Akakitazama, akanitazama. Nililia mbele ya mtani wangu, jambo ambalo ni sawa na kumpa kuku mzima, na yeye hakudai. Akaniambia tu nikatafute msumari mgumu, tuukate, tutengeneze pini ya chuma sasa hivi, kabla ya kunawa. Tukaitengeneza. Akanishika mkono, akaupeleka kwenye kifimbo, akafungua na kufunga breka kwa mkono mara kumi, nami nahisi jinsi viwili hivyo vinavyokwenda pamoja. Kisha nikakwangua rangi kwenye kidirisha kwa ukucha mpaka ukucha ukauma.

Bwana Mkubwa alirudi jioni na samaki wawili. Fundi Longino alimweleza kwamba pini imechakaa na imebadilishwa, na hakutaja mtu. Lakini kile kijiti cha mwanzi alikitoboa, akakitia uzi, akakitundika juu kabisa ya taa ya kijani. Bwana Mkubwa akauliza hicho ni nini. Kabla sijafa mara ya pili, Mzee Sefu akajibu kwa heshima kwamba ni dawa ya kuzuia taa isiseme uongo. Bwana Mkubwa alitikisa kichwa, akasema desturi za watu ziheshimiwe. Kikaning'inia pale mpaka nyumba ile ilipovunjwa, na kila kijana mpya aliambiwa habari yake na Longino, pamoja na jina langu, kijiji changu na urefu wa masikio yangu. Sikukasirika hata siku moja.

Na baada ya hapo tuliwekeana sharti. Utani wote uendelee, ila "uko hai" lisitumike tena kwa mchezo, wala "kamwene". Kila mmoja akilisikia kutoka kwa mwenzake, aache alichoshika. Nilifanya naye kazi miaka mingine mingi, Mbeya na Iringa, na hatukulitumia tena. Mzee Sefu naye alibadilika kwa namna yake: kwenye daftari akaongeza safu mpya, ya mambo aliyoyasikia kwa masikio yake mwenyewe.

Mambo yamebadilika, najua. Breka zenu hazina mafuta, nyingine ni ndogo kama kabati la nguo, na habari inapita kwenye nyaya za kioo. Nimefurahi kuliko mnavyodhani. Lakini nilimwuliza yule binti habari inaanzia wapi kabla haijaingia kwenye nyaya za kioo, naye akafikiri, akasema inaanzia kwenye swichi saidizi. Na swichi saidizi imeshikwa na nini? Akasema kifimbo. Na kifimbo? Nikamwongezea chai.

Fundi Longino alistaafu akahamia Mafinga, akafungua karakana ya useremala, maana mbao kule hazina shida. Alipofariki nililetewa habari mapema, nikapanda basi. Kama hamjaona mazishi yenye watani, hamjui jinsi watu wanavyosaidiwa kulia. Mtani anaweza kulala kaburini akakataa kutoka, anaweza kuvaa koti la marehemu akaigiza mwendo wake. Nilikuwa mzee tayari, kaburini nisingetoka. Kwa hiyo jeneza lilipofikishwa, nikasimama mbele yake na fimbo yangu, nikawaambia waombolezaji kwamba sikubali. Mngoni huyu namjua. Mmeniambia amekufa, mmefunga sanduku, mmeweka kitambaa cheusi mlangoni. Hizo ni taa. Nani ameangalia?

Watu wakaangua kicheko, hata binti yake mkubwa, ambaye alikuwa hajala tangu juzi yake. Nikadai bisibisi. Wakaniletea kutoka karakanani kwake, mpini wake umelainika kwa kiganja chake. Nikapiga magoti. Nikatoa skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kicheko kilikuwa kinaendelea nyuma yangu. Nilipoweka bisibisi kwenye skrubu ya nne mkono ulisimama wenyewe, na nawaambia ukweli, nilisubiri. Nilisubiri mtu aniite kutoka nyuma.

Hakuna aliyeniita. Nikaitoa ya nne, nikainua kifuniko. Alikuwa amevaa suti, amenyolewa vizuri, amekunja uso kidogo kama alipokuwa akipapasa mhimili. Nikainama mpaka karibu na sikio lake, nikasema, "Kamwene, Fundi."

Nikampa muda wa kujibu. Kisha nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu zote nne kwa zamu, pembe kwa pembe, alivyonifundisha. Nikasimama kwa shida, nikawaambia wazikaji waendelee na kazi, nimeangalia mwenyewe.